Tafuta Kwanza Panapouma

Hotuba hii niliitoa Jumamosi kwa walezi wa wazee waliokutana katika ukumbi wa kanisa mtaani Jericho, Nairobi. Wengi hawakufika kwa sababu hawakupata wa kumwachia mgonjwa. Nimeiandika yote kwa ajili yao, jinsi nilivyoisema.

Wazee wetu, mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, hamjambo?

Nimewaona mlivyoingia. Wengine mmeketi karibu na mlango, simu mkononi, kwa sababu mgonjwa ameachiwa kijana wa jirani na hamna uhakika atakaa naye hadi saa ngapi. Simu ikilia, toka. Usiombe ruhusa. Humu hakuna asiyeelewa.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwatembelea wagonjwa majumbani huku Eastlands: hapa Jericho, Kaloleni, Makongeni, mpaka Umoja. Lakini yale nitakayosema leo siyasemi kwa sababu ya uuguzi peke yake. Mama yangu mzazi aliugua ugonjwa huu wa kusahau, huu tunaouita dimenshia, nikamlea nyumbani kwangu, na kuna mahali nilikosea vibaya.

Niwaulize. Ni wangapi hapa mgonjwa wao amegeuka kuwa mkali? Inueni mikono. Ni wangapi wamepigwa au kufinywa wakimwosha? Ni wangapi wametemewa chakula? Ni wangapi hawalali kwa sababu analia usiku kucha na hasemi analilia nini? Hebu geukeni mtazamane. Karibu ukumbi mzima.

Sasa swali la pili. Siku ile alipoanza ukali, ni wangapi walimvua nguo taratibu, wakamkagua kuanzia utosini hadi kidole cha mwisho cha mguu, wakitafuta panapouma?

Mikono mitatu. Msione haya. Mimi, muuguzi mwenye cheti ukutani, ningeulizwa swali hilo wakati wa mama yangu, mkono wangu ungebaki chini.

Mama alikuwa mshonaji nguo. Maisha yake yote alishika kitambaa. Alipofika miaka 79 alikuwa haijui nyumba yangu, jina langu analipata siku moja analikosa siku mbili, lakini mikono yake haikusahau. Alikunja kila kitu: shuka, taulo, leso yake. Basi alipoanza kuikunja leso pembe, akaifanya kifundo, akaibana kwenye shavu la kushoto, mimi nilitabasamu. Nikasema, mikono ya mshonaji hiyo, inakumbuka kazi. Nilimwona akiibana asubuhi. Nilimwona akiibana jioni. Nikatabasamu.

Kisha akaanza kukataa chakula. Githeri alikuwa akiipenda, sasa anaitema kwenye kiganja. Nikija na mswaki ananipiga mkono. Usiku anapiga kelele, majirani wa juu wanagonga sakafu. Nikampeleka hospitali, tukapanga foleni tangu alfajiri. Daktari akamuuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Mama akatabasamu ile tabasamu yake ya kupokea wateja, akamjibu, "Siumwi, mwanangu. Niko sawa kabisa. Habari za nyumbani?" Tukaandikiwa dawa ya kumtuliza. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Hata mimi sikumwambia.

Dawa ilimtuliza, ndiyo. Ilimtuliza hata akawa anatoka mate, anayumba, akaanguka mlangoni mwa choo. Wiki tatu. Mpaka siku ambayo msichana anayenisaidia nyumbani alisema, "Auntie, mbona shosho anatafuna upande mmoja?"

Nikawasha tochi ya simu. Gego la chini, kushoto, limepasuka katikati. Ufizi umevimba, mwekundu, na harufu ya usaha. Upande ule ule wa leso.

Wiki tatu jino linamuuma. Wiki tatu anatuonyesha mahali penyewe kwa kidole na kwa kitambaa. Wiki tatu mimi nasema ni dimenshia.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ninalotaka mwondoke nalo ni hili: kumbukumbu ikienda, maumivu hayaendi nayo. Kuna watu wanaodhani kwamba ubongo ukichoka basi na mwili unakufa ganzi. Mnasikia mtu akisema, "Huyu hata hajui kinachoendelea, hasikii kitu." Anasikia! Mwaka wa 2006 wachunguzi wa Australia walichapisha kazi yao: waliwabana wagonjwa wa Alzheimer, aina moja ya dimenshia, kidoleni huku mashine ikipiga picha za ubongo, wakawalinganisha na wazee wenzao wasio na ugonjwa huo. Sehemu za ubongo zinazopokea maumivu ziliwaka kwa wagonjwa kama kwa wenzao, hazikufifia. Kinachoharibika ni njia ya kuyaeleza. Anashindwa kusema ni wapi, tangu lini, yanachoma au yanakata. Anasahau kwamba aliumia usiku, lakini usiku ule aliumia.

Mwaka wa 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipoandika upya maana ya neno maumivu, kiliweka wazi kwamba mtu kushindwa kusema si ushahidi kwamba haumwi. Ilibidi waliandike, kwa maana ulimwenguni kote wasioweza kusema ndio wanaonyimwa dawa. Mwaka wa 2000 huko New York madaktari walichapisha hesabu ya wazee waliovunjika nyonga. Mvunjiko ni ule ule. Lakini waliokuwa na dimenshia iliyokomaa walipewa theluthi moja tu ya dawa kali ya maumivu waliyopewa wenye akili timamu. Theluthi moja! Je, mfupa wao ulivunjika theluthi moja? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu amelala kwenye kitanda hicho na hana ulimi wa kutuambia.

Basi tutajuaje?

Tuanze na namna tunavyouliza, maana hapa Nairobi tunajikwaa kabla hatujaanza. "Unaumwa?" kwa mzee ni "Wewe ni mgonjwa?" Naye hataki kuwa mgonjwa, hasa mbele ya mgeni. Atajibu siumwi, na wala hadanganyi. Anaumwa nini? Hana homa, hana malaria. Lakini goti linamuuma tangu jana. Kwa hiyo weka mkono wako pale pale, uulize: "Hapa panauma? Panachoma? Pamekaza?" Swali fupi, jibu la ndiyo au la, kisha unyamaze. Unyamaze kweli. Hesabu moyoni mpaka kumi. Ubongo wake unakwenda polepole kulileta neno, nasi tunamkatiza kwa swali lingine.

Na uulize kwa lugha gani? Makongeni nilikuwa nikimtembelea mzee mmoja aliyefanya kazi reli. Mkali, anarusha bakora, hataki kusimama. Nikimuuliza kwa Kiswahili, "Mzee, kuna mahali panauma?" ananijibu "La," na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Siku moja mke wa mwanawe alikuwepo, akainama akamuuliza kwa Kijaluo. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, macho yakajaa machozi, akasema, "Tienda rama." Mguu wangu unaniuma. Tulipomvua soksi, tena kwa taabu maana ilikuwa imegandamana, ukucha wa kidole gumba ulikuwa umejikunja ukaingia nyamani.

Lugha alizojifunza ukubwani ndizo mara nyingi hutangulia kuondoka. Ile ya mama yake hubaki. Kama wewe umezaliwa Nairobi na huijui lugha ya mzazi wako, jifunze maneno mawili tu kutoka kwa shangazi au jirani: neno lao la maumivu, na neno la "wapi". Wakikuyu wanasema "ruo". Andika kwenye karatasi, ibandike ukutani, ili hata anayekushikia zamu alione.

Na asiyesema kabisa? Huyo tunamsoma. Kipo kipimo kilichotungwa Marekani mwaka wa 2003 kwa ajili ya watu kama hao. Kinatazama mambo matano na hakihitaji mashine wala shahada. Unasikiliza pumzi: inakwenda vizuri, au imekuwa nzito, ya kuhema? Unasikiliza sauti: anaguna, anaomboleza, analia? Unatazama uso: amekunja kipaji, unaonyesha uchungu? Unatazama mwili: amekaza ngumi, amevuta magoti tumboni, anasukuma mkono wako? La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu mlezi tu ndiye analijua: ukimshika, ukimwimbia, anatulia? Kila moja unalipatia sifuri, moja au mbili, jumla haizidi kumi. Namba yenyewe isiwasumbue sana. Kinachosaidia ni kulinganisha na siku zake nzuri, na siku zake nzuri hakuna daktari anayezijua. Wewe unazijua.

Lakini sikilizeni, wengi tunakosea hapa. Usimsome akiwa ameketi juani, ametulia na kikombe cha chai. Maumivu ya viungo hulala mtu akitulia. Msome anaponyanyuka kitini. Msome unapomgeuza kitandani. Msome unapomvalisha sweta. Mkono wa kulia unaingia vizuri, ukifika wa kushoto anapiga yowe. Usiseme anachukia sweta. Tazama bega. Mkifika nyumbani jaribuni hili la sweta, mtaona.

Na mzee mwenye akili timamu, mwilini mwake kunauma wapi? Huyu wetu naye ni pale pale. Magoti na mgongo. Meno, na meno ya kubandika yasiyomkaa tena kwa kuwa amekonda. Masikio. Kucha. Vidonda vya kulala, ambavyo hutaviona bila kumgeuza. Kibofu kilichojaa na mkojo hautoki. Na kufunga choo! Nimeona wazee wangapi waliosemekana wamepagawa, kumbe wana siku sita hawajaenda choo kikubwa. Andika siku. Usitegemee kumbukumbu yako, nawe umechoka.

Si kila kelele ni maumivu, siwadanganyi. Huenda ana njaa, ana baridi, anaogopa giza, redio ya jirani inamkera. Na kama mtu aliyekuwa sawa jana leo ghafla hajielewi kabisa, amelegea au anaona vitu visivyokuwepo, usisubiri, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo yaweza kuwa nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka. Lakini haya mengine, ya ukali unaopanda siku baada ya siku, tafuta kwanza panapouma.

Tuje kwenye dawa. Najua ndiyo mliyoijia.

Norway, mwaka wa 2011, walichapisha utafiti uliofanyika katika makao 18 ya wazee. Wazee 352 wenye dimenshia na wenye ukali kama huu wa kwenu. Nusu waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu walipewa dawa ya maumivu kwa utaratibu, ngazi kwa ngazi, kwa wiki 8. Wengi wao walihitaji nini, mnadhani? Parasetamoli. Hii hii tunayoiita Panadol hata ikiwa si Panadol. Haikuzidi gramu 3 kwa siku, na walipewa kila siku kwa saa zake. Fujo zilipungua kwa asilimia 17 kuliko kwa wenzao. Dawa iliposimamishwa, fujo zikaanza kurudi. Wale walikuwa kwenye makao yenye wauguzi, sisi tuko kwenye nyumba za vyumba viwili, najua. Ila kidonge ni kile kile.

Na siri iko kwenye "kwa saa zake". Sisi tunampa akilia. Huyu hawezi kuja kukuomba! Hajui kwamba kuna kidonge kabatini. Kama daktari amekubali kwamba ana maumivu ya kila siku, basi apewe kila siku, na cha asubuhi kitangulie kama saa moja kabla ya kumwosha. Mtashangaa jinsi maji yale yale, karai lile lile, yanavyoacha kuwa vita.

Kipimo sasa, na hapa naomba umakini. Kidonge cha kawaida ni miligramu 500. Mtu mzima mwenye mwili na ini zima hazidishi vidonge 8 kwa saa 24. Mzee wako aliyekonda, mwenye chini ya kilo 50, au mwenye ini bovu, au aliyekuwa mnywaji, kiwango hicho kwake ni kikubwa mno. Apimwe uzito, daktari ampunguzie. Na usome pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake. Unampa vidonge viwili, unamwongezea vya mafua, umezidisha bila kujua. Akishindwa kumeza, omba ya maji. Usisage kidonge chochote uchanganye na uji kabla ya kuuliza, maana vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole, ukivisaga vinaingia vyote kwa mpigo.

Kuna mama mmoja wa Umoja, hayupo leo, amenipa ruhusa niyaseme haya. Mama yake alikuwa akiumwa magoti. Kila mwisho wa mwezi binti alikwenda duka la dawa, akaeleza, akapewa vidonge vya rangi tatu kwenye karatasi ndogo isiyo na jina. Vilifanya kazi! Bibi alitembea. Miezi minne baadaye bibi akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Ilikuwa damu. Ndani ya zile karatasi kulikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu ya viungo, kila siku, miezi minne, kwa mtu wa miaka 82 mwenye presha.

Diklofenaki, Brufen, dawa za jamii hiyo zinatoboa tumbo la mzee, zinachosha figo, zinapandisha presha. Daktari anaweza kuziandika kwa siku chache akiwa na sababu. Za kujinunulia, hapana. Karatasi isiyo na jina, hapana. Uliza jina, liandikwe. Ni pesa yako.

Na zile za kutuliza akili, kama aliyopewa mama yangu? Kuna siku zinahitajika, sitasema kamwe zisitumike. Lakini mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo tangu 2005 kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia. Ziwe za mwisho, na za muda mfupi. Zinamnyamazisha anayeumwa, na jino linabaki pale pale.

Mofini, ile dawa kali ya maumivu, nayo inaogopwa, watu wakiisikia wanaanza kupanga matanga. Mgonjwa mwenye maumivu makali, wa saratani au aliyevunjika mfupa, anaweza kuipata ya maji, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa polepole, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Nairobi Hospice iko pale Hospitali ya Taifa ya Kenyatta tangu 1990, na kazi yao ni maumivu. Watu wengi wa mitaa hii wanapita nje ya lango lile na matatu kila siku hawajui.

Mafuta ya kukanda, kitambaa cha uvuguvugu, kumtembeza kidogo asubuhi, vyote vinasaidia, endeleeni navyo. Chupa ya maji moto tu ndiyo naiogopa. Ikimuunguza hatakwambia.

Mkifika kwa daktari, semeni hivi: "Daktari, amebadilika tangu tarehe fulani. Akinyanyuka anaguna. Ana siku nne bila choo. Kabla hatujampa dawa ya kumtuliza, naomba umkague mwili, mdomo na miguu." Mtaogopa, najua. Foleni ni ndefu na daktari amechoka. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji wa familia na wa Serikali. Wewe umekwisha fanya sehemu ya familia. Sema, na daftari liwe wazi mkononi.

Mama mmoja ameniuliza pale nje kuhusu mgongo wake mwenyewe, wa kumnyanyua mumewe. Nimekusikia, mama. Baada ya chai tutalileta lile godoro mbele, nitawaonyesha jinsi ya kumgeuza mtu mzito kwa shuka bila kujivunja.

Kuhusu mama yangu, mmeniuliza. Jino liling'olewa Jumanne. Alipewa dawa ya usaha, na Panadol kwa saa zake. Ile ya kutuliza daktari aliipunguza hadi ikaisha. Jumapili alikula githeri, sahani nzima, kwa pande zote mbili za mdomo. Jina langu hakulikumbuka. Alinishukuru kama anavyomshukuru mteja, akajitanda leso yake mabegani.

Karatasi za yale mambo matano ziko mezani karibu na mlango, chukueni na za majirani. Na leo jioni, akishakunywa chai, mwambie afungue mdomo, uwashe tochi ya simu. Anza na magego ya chini.